Mashine Aliyoichagua Kebaso

Siku Yunia alipozikwa, simu ya mumewe ililia kabla kaburi halijajaa. Alikuwa Mwalimu Johana, mwajiri wao, anapiga kutoka Chepseon. Pole alishaitoa, pamoja na debe la mahindi. Sasa alitaka kujua mpira wa kusafishia bwawa uliwekwa wapi.

"Nyuma ya jiko, Mwalimu. Umening'inizwa ukutani," Kebaso akasema.

"Haya. Mungu awatie nguvu."

Kebaso akarudisha simu mfukoni, akaendelea kutazama udongo ukitiwa.

Huyu Kebaso aliingia nchi ya majani chai akiwa na ndevu za kwanza. Darasani hakuwahi kuketi. Alichuma chai ya kampuni zaidi ya miaka arobaini, kikapu mgongoni, mpaka mashine za kuchuma zikaja na mikono ya watu ikaonekana mingi. Yeye na Yunia hawakujaliwa mtoto. Kwao Kisii hakuachiwa shamba. Alichokuwa nacho huko sasa ni kaburi la mkewe, tena lilichimbwa kando ya ua wa Nyakundi, mtoto wa nduguye. Na Nyakundi alimwambia siku ile ile, wageni hawajaondoka: "Baba, aliyekufa nimempatia nafasi. Aliye hai sina."

Kwa hiyo duniani mzee alibaki na chumba kimoja cha mabati nyuma ya boma la Mwalimu Johana, na jiko la udongo ubavuni. Chumba kilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, chumba kimeisha.

Mwalimu alikuwa amestaafu. Alijenga nyumba nne za wageni zinazotazama chai, katikati akachimba bwawa la kuogelea. Dogo. Ukiegesha pikapu mbili ndani yake, hakuna pa kupitisha mkokoteni. Maji ya kifuani. Lakini udogo wa bwawa si udogo wa kazi. Juu yake inapita barabara ya murram ya malori ya majani mabichi, na vumbi jekundu linashuka mchana kutwa, linalala sakafuni laini kama unga wa wimbi. Kando yake kuna mgrevilea unaomwaga majani. Jani ni rahisi, linachotwa na wavu. Vumbi ndilo adui. Ukilisukuma linaamka, linajaza maji yote, linangoja uondoke, kisha linalala tena pale pale.

Aliyeliweza ni Yunia peke yake. Alitumbukiza mwisho mmoja wa mpira bwawani, akashuka na ule mwingine hadi kwenye mtaro ulio chini ya boma. Huko aliung'ata, akavuta maji kwa mdomo mpaka yakaja yenyewe, akatema. Akapanda tena, akaingia majini, akaupitisha mpira sakafuni polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Vumbi halikuamka. Lilikwenda na mpira.

Kebaso hakuvuta, kwa sababu meno ya mbele hana. Wala hakuingia, kwa sababu miguu yake, alisema, ni ya ng'ombe. Akikanyaga maji yanageuka uji. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni na kunyoosha kidole. Kushoto. Hapo. Umeruka hapo. Wageni walidhani ndiye msimamizi.

Na ilikuwa kweli kwamba miguu yake ni mizito. Kuna ukweli ambao mtu hujificha nyuma yake vizuri kuliko nyuma ya uongo.

Mwezi wa tatu mvua ya mawe ikapiga chai mpaka vichaka vikabaki vijiti. Bwawa likajaa barafu na majani yaliyokatwakatwa. Wageni walitarajiwa saa nane. Yunia akatia mguu majini, akautoa.

"Mzee wangu, leo maji yanauma."

Kebaso angeweza kusema tungoje iyeyuke. Alisema, "Ingia. Utatoka haraka."

Akaingia. Wiki tatu akakohoa. Ya nne hakukohoa.

*

Baada ya matanga Kebaso alirudi kazini, akawa anasafisha akiwa ukingoni, kwa wavu na ufagio wa mti mrefu. Majani yalitoka. Vumbi liliamka na kulala, likaamka na kulala. Mwezi wa sita kanisa moja la jirani likakodisha bwawa kwa ubatizo. Watu kumi na wawili waliingia na kanzu nyeupe. Walipotoka, kanzu zote zilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Chepyegon, mtu wa bustani na ng'ombe, alikuwa ameegemea wilibaro akitazama. "Sasa hawa wamebatizwa ama wamekorogwa?" akauliza, na hata mchungaji ilibidi ageuke upande.

Mwalimu hakucheka. Kesho yake aliwaita wote wawili.

"Nanunua mashine," akasema. "Ile ya kushika kwa mkono. Haina waya, inachajiwa kama simu. Unaifunga kwa mti mrefu, unasimama nje, inanyonya uchafu. Hakuna mtu kuingia majini."

"Hakuna kuingia?" Kebaso akauliza.

"Hata kidole."

Kebaso akatazama kidole chake. Kumbe kitu hicho kipo. Yunia alizikwa, hakikununuliwa. Kanzu zimechafuka, kinanunuliwa.

"Lakini mashine moja inataka mtu mmoja," Mwalimu akaendelea, naye alisema kwa upole, kama alivyokuwa akiwasomea watoto majina ya walioanguka. "Nendeni Kericho mjini, kila mtu achague yake. Mwenye duka nilimfundisha, atazitoa zote mbili tuzijaribu. Jumamosi kuna ubatizo mwingine. Atakayekuwa amechagua vizuri atabaki na mashine, atakuwa wa bwawa na wa bustani. Mwingine atanisamehe."

Chepyegon alikuwa na miaka arobaini, watoto watatu, na alijua kusoma. Kebaso alikuwa na miaka sitini na tisa. Walitazamana mara moja tu. Kisha Chepyegon akapiga paja lake akacheka.

"Mzee, twende basi tukachague bibi mpya."

*

Mwenye duka aliitwa Mongina, binti wa Kisii aliyezaliwa Kericho. Alizipanga mashine mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza ilikuwa nene, nyeusi, mdomo mpana kama wa kiboko, na tumbo la plastiki lenye matundu. Mongina alipoiwasha kwa sekunde moja ilinguruma mpaka glasi za rafuni zikalia. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyepesi, na badala ya tumbo ilikuwa na mfuko wa kitambaa. Ilipowashwa ilitoa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

"Hii!" Chepyegon akaishika ile nene kiunoni. "Hii ni dume. Inameza hata jiwe. Si hiyo yako ya kukohoa, mzee."

Neno kukohoa likapita. Kebaso akatia mkono ndani ya koti, akatoa chupa ya jamu. Ndani kulikuwa na maji na matope mekundu ya sakafu ya bwawa.

"Mama, nipe beseni," akamwambia Mongina.

"Tata, unataka kupika?" Mongina akauliza, akimwita baba kwa Kikisii.

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Beseni likaja. Kebaso akafungua tumbo la ile nene, akalishikilia juu ya beseni, akamimina nusu ya chupa. Jani moja lilibaki tumboni. Matope yote yalipita, yakaanguka jinsi yalivyoingia. Akamwaga, akasuuza beseni, akamimina nusu iliyobaki kwenye mfuko wa kitambaa. Yakatoka maji tu. Hayakuwa meupe sana, lakini maji. Akaugeuza mfuko: matope yalikuwa yameshikamana ndani kama uji ulioungua.

Vicheko vikaisha. Mongina alimtazama mzee upya.

"Tata, nani alikufundisha?"

"Mke wangu."

Mongina akaanza kumweleza, pole pole, kwa lugha ya kwao. Mashine isiwashwe ikiwa nje ya maji, itaungua. Ikitoka majini ikauke. Ikauke kabisa kabisa, ndipo ichajiwe. Ikichajiwa na unyevu ndani, imekufa. "Shika hilo moja, tata. Ikauke."

"Ikauke," Kebaso akarudia.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa ndani ya boksi. Chepyegon akakichomoa, akakipitia, akakikunja, akakitia mfuko wa shati. "Nitakusomea nyumbani," akasema.

*

Ijumaa asubuhi walijaribu, Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki. Chepyegon alitangulia. Lile dume lilinguruma, likafagia majani kama moto wa kiangazi, na nyuma yake likaacha wingu jekundu, likapanda, likatanda, mpaka mdomo wenyewe wa mashine haukuonekana. Mwalimu akatikisa kichwa.

Walingoja hadi alasiri vumbi lilale. Kisha Kebaso akaifunga yake kwenye mti mrefu, akaitumbukiza kwanza, ndipo akaiwasha. Hakusukuma. Aliipeleka. Alipokosa pa kushika mwendo alimwona Yunia anavyotembea, akamfuata. Mashine ikalia kinyuki chake. Mstari mmoja wa bluu ukatokea sakafuni, halafu wa pili. Mwalimu alisimama. Ile bluu alikuwa ameipaka mwenyewe mwaka wa kwanza, na alishaisahau.

"Mzee," akasema, "kweli umechagua. Kesho asubuhi upitishe mara moja tena kabla ya kanisa kufika. Halafu tuzungumze habari ya Chepyegon."

Chepyegon alikuwa akiviringisha kamba. Hakuinua kichwa.

Sasa ilikuwa mwezi wa saba. Na mwezi wa saba huko, shati likifuliwa Jumatatu linavaliwa bichi Jumapili. Ukungu unashuka juu ya chai saa kumi, unaingia hata ndani ya sanduku. Kebaso aliipapasa mashine, akakuta maji kila kona. Ikauke kabisa kabisa. Wapi? Katika jiko lake kulikuwa na dari ya fito juu ya mafiga, ile Wakisii huita irongo. Yunia aliisuka mwenyewe. Juu yake aliweka mbegu za mahindi, wimbi, viatu vyake vya gumbuti, hata Biblia siku iliponyeshewa. Kitu cha maana hakilali chini, alikuwa akisema, kinalala kwa moshi. Miaka yote hakuna kitu chake kilichoota ukungu.

Kebaso akachochea moto, akaiweka mashine pale mahali pa gumbuti.

Giza halijaingia, Chepyegon akaja. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mikono motoni, akala ugali kidogo na sukuma. Akainua macho juu. Aliitazama mashine, na moto ulio chini yake. Mkono wake ukagusa mfuko wa shati, ukatulia hapo, ukarudi motoni.

"Umeiweka pazuri, mzee," akasema.

"Hapo panakausha."

"Hata kwetu tunakausha hivyo hivyo." Akasimama, akashukuru kwa chakula. Mlangoni akageuka. "Ongeza kuni moja. Usiku kuna baridi."

Kebaso akaongeza mbili.

*

Asubuhi mashine ilikuwa imeinama kama mshumaa. Tumbo la betri limevimba, limepasuka. Alipobonyeza haikutoa hata sauti ya nyuki. Usiku upepo ulikuwa umeshusha vumbi, na sakafu ya bwawa ilikuwa nyekundu tena. Magari ya kanisa yalikuwa yamefika Chepseon.

Kebaso alisimama pale ukingoni, mahali pake. Akatazama ufagio. Akatazama mpira ulioning'inia ukutani. Kisha akauchukua, akashuka mtaroni, akajaribu kuung'ata kwa magego. Ulimponyoka mara nne. Mara ya tano maji yakaja, akakohoa, akatema. Akapanda, akavua viatu.

Akajiambia neno lile lile. Ingia.

Maji yalimshika magotini kama koleo. Yalipofika kiunoni alisahau kupumua. Hapakuwa na barafu leo, hapakuwa na mawe. Haya yalikuwa maji ya siku yoyote, maji ambayo mkewe aliingia miaka tisa yeye akinyoosha kidole. Alijaribu kwenda polepole. Hatua ya kwanza wingu likapanda. Ya pili, likafika mapajani. Akitaka kusimama, baridi inamtetemesha, na kutetemeka kwake kunaamsha vumbi. Akakoroga. Ng'ombe mzee mtoni. Alipofika katikati hakuona mikono yake mwenyewe.

"Mzee, kushoto!" Chepyegon akaita kutoka ukingoni. "Umeruka hapo!"

Hivyo ndivyo kanisa lilivyomkuta, midomo ya zambarau, ndani ya maji mekundu, ameshika mpira. Waliokuja kubatizwa walikuwa tisa. Mchungaji alitazama maji, akatazama kanzu, akafunga kitabu.

"Mwalimu," akasema, "sisi tutatafuta mto."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akaitoa mashine kwenye fito, akaigeuzageuza. "Uliichagua vizuri," akasema. "Lakini kuchagua ni jambo moja, kutunza ni lingine." Akaiweka chini. "Chumba ni chako mpaka Jumanne, mzee. Nimechoka pia mimi."

*

Jumatatu Mwalimu aliwatuma wote wawili dukani: Chepyegon arudishe lile dume na alete nyingine ya mfuko wa kitambaa, na Kebaso aende amhakikishie Chepyegon kwamba ni yenyewe. Kebaso alibeba ile iliyoharibika ndani ya gunia. Mongina alipoiona alishika shavu.

"Tata! Uliichoma?"

"Niliikausha."

"Juu ya moto? Si ulikuwa na kijitabu? Ukurasa wa kwanza, tata, hata kusoma hakuhitajiki." Akafungua boksi jipya, akamwonyesha. Kulikuwa na picha ya mashine, na chini yake picha ya moto, na mstari mwekundu umekata juu. Mtoto wa chekechea angeielewa.

Kebaso aliitazama picha muda mrefu. Kisha akamtazama Chepyegon, mfuko wa shati. Pembe ya kijitabu ilikuwa ikichungulia, imeanza kuchakaa kwa jasho.

"Hukuniuliza, mzee," Chepyegon akasema. Hakuona haya, na hakufurahi. "Nina watoto watatu."

Kebaso alitafuta hasira, hakuipata. Huyu alimwona mtu anaharibikiwa, akanyamaza. Yeye mwenyewe aliambiwa na Yunia kwa mdomo kwamba maji yanauma.

"Iweke mahali pa baridi," akasema tu.

Jumanne asubuhi vitu vyake vilikuwa mafungu mawili na sufuria. Hakujua aende wapi zaidi ya kwa Nyakundi, akalale hata jikoni, mpaka Nyakundi achoke. Chepyegon alikuwa bwawani na mashine mpya. Mwalimu akaomba: "Mwonyeshe mkono, mzee, kabla hujatoka." Kebaso akamwonyesha. Usisukume. Ipeleke. Kama mtu anayemfunika mtoto. Chepyegon alishika haraka, ana mkono mzuri. Kabla hata ugali haujaiva, bwawa lote lilikuwa bluu, na viatu vyake vikavu.

Kazi ile iliyomlaza Yunia kando ya ua wa mtu. Ugali haujaiva.

"Mwalimu, naomba ule mpira," Kebaso akasema.

"Mpira? Chukua, hauna kazi tena."

"Nilishaukata," Chepyegon akaita. "Samahani, mzee. Jana jioni. Kipande nimemfunga ndama. Huu mwisho nikavisha wilibaro, mipini ilikuwa inanikata."

Wilibaro ilikuwa pale kando ya mgrevilea. Mipini yake ilikuwa imevikwa mpira wa kijani. Ule wa kushoto ulikuwa mikunjomikunjo, na alama za meno mbele na nyuma, zile za juu mbili zimeachana kidogo, kama yalivyokuwa meno ya Yunia.

Chepyegon akapakia mafungu na sufuria. "Wacha nikusukumie mpaka stegi, mzee. Si vizuri utoke hapa kama mtu amefukuzwa."

"Nitasukuma mwenyewe."

"Ni mbali."

"Nitasukuma."

Akasukuma. Chepyegon alitembea kando yake, akimwambia habari ya ndama, na ya mvua, na kwamba Mwalimu amemwahidi kile chumba ili watoto walale wote watatu na mama yao. Kebaso hakujibu. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimefunga juu ya meno ya Yunia, na kila shimo la barabara liliyasukuma ndani ya nyama.

Stegini makanga wa matatu akarusha mafungu juu ya gari. Kebaso alibaki ameshika mipini.

"Haya mzee, leta," Chepyegon akasema. "Nina samadi ya kubeba."

Kebaso akaachilia.